Siku Magurudumu ya Ndege Yalinyooshwa Shabunda

Niliondoka Bukavu kwa kumufuata mutoto wangu wa mwisho, Sifa, aliyeolewa Shabunda. Ilikuwa wakati wa vita, barabara imekatika. Habari ilinifikia kwamba askari walichukua bwana yake awabebee mizigo, na hajarudi. Nikasema basi, ninaenda kumurudisha nyumbani. Sikuomba shauri kwa mutu.

Asubuhi nilikuwa Kavumu, ku uwanja wa ndege. Ile ndege ilikuwa ndogo, imekaa kama kuku anayetaga, pua juu, mukia chini juu ya kagurudumu kadogo. Piloti, Papa Dieudonné, alinipandisha ku mizani.

"Unanipima kama muhogo?"

"Muhogo haisemaka, maman."

Abiria nilikuwa peke yangu, pamoja na magunia ya chumvi. Huko chini musitu tu. Nilitafuta hata moshi wa nyumba moja, sikuuona.

Kushuka Shabunda, ndege iligusa udongo ikaanza kuvuta kushoto kama ng'ombe anayekataa kamba. Tulisimama majani yakigusa bawa. Papa Dieudonné aliruka chini, akaona mapine, ile mipira ya magurudumu, yamelika upande mumoja.

"Lakini jana nilinyoosha magurudumu, nikapima, ikakuwa muzuri!"

"Jana ndani mulikuwa nini?" nikamuuliza.

"Hamukuwa kitu."

Akajipiga ku paji la uso. Kumbe ndege tupu inasimama miguu karibu-karibu. Ukiipakia, miguu inatanuka, na magurudumu yanaangalia pembeni. Mimi niliyebeba kuni ku mugongo tangu utoto sikuhitaji kuelezwa. Mwenye muzigo hakanyage kama mutu mutupu.

"Yule uliniambia utarudi naye, mulete," akasema. "Mukae ndani wote wawili, nipime na uzito wenyewe."

Saa sita nilimukuta Sifa kwa wakwe zake, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikonda. Nikamwambia twende, akanifuata. Niliona hana hata kitunga cha nguo, nikajikaza nisiulize.

Tuliketi ndani ya ndege, mimi na yeye. Chini ya kila gurudumu Papa Dieudonné aliingiza vipande viwili vya manjanja, mabati ya kuezekea nyumba, katikati yake mafuta ya ngazi, yaani mawese, ili gurudumu liteleze na kukaa lilipopenda. Halafu akavuta kamba toka gurudumu moja mpaka lingine, akapima mbele ya magurudumu, akapima nyuma. Vipimo havikulingana. Akachomeka kipande chembamba cha chuma pale gurudumu linaposhikana na muguu, akapima tena.

"Musitikisike!" alipiga kelele.

Tukaongea bila kugeuka, wote tukiangalia mbele.

"Kitunga chako iko wapi?"

"Sikuleta."

"Sifa."

"Mama-mukwe hatembei tena. Bunduki ikilia tunakimbilia ku musitu, na ni mimi ninamubebaka."

"Nilikuzaa mimi, si yeye."

"Ndiyo, mama. Lakini wewe unatembea."

"Nimesema musitikisike!"

Sijui nani alitikisika.

Kazi ilipoisha, Sifa alinishika mukono, akashuka. Papa Dieudonné alituangalia. Magurudumu yalikuwa yamenyooshwa kwa uzito wa watu wawili, basi akaleta bidoni, madumu ya mafuta ya ngazi, akazipanga ku kiti cha Sifa, akazifunga mukanda. Ndege ilikimbia mustari mumoja mpaka ikaacha udongo.

"Umeona, maman? Iko sawa kabisa!"

Bidoni zilinigusa ku bega njia yote.

Mbele ya jua kuzama nilikuwa nyumbani Bukavu. Majirani waliniuliza Sifa iko wapi, nikawajibu, iko na kazi. Nilichojifunza ni hiki: ukimulea mutoto vizuri, kuna siku ule uzuri wake utawafaa watu wengine, si wewe. Sikupenda kukijifunza. Niliwasha moto, nikasonga bugali ya watu wawili bila kukusudia. Nikaila yote, maana wakati wa vita chakula hakitupwe.