Fahali Mmoja, Kaya Nne

Kwetu Wagogo posa haijibiwi bila mjomba. Baba aweza kukosekana, hata anayeposwa aweza kuwa kisimani, lakini mjomba lazima aonekane amekaa. Ndiyo maana nilipanda ndege, mimi na matako yangu haya yaliyozoea malori ya mahindi ya Kibaigwa. Dada yangu yuko Mwanza, binti yake anaposwa, na wakwe walishaonya: jua likizama mjomba hajafika, wanaondoka, kijana wao atatafutiwa kwingine.

Ndege ilikuwa ya saa tano. Nikafika uwanjani Dodoma alfajiri, nikijua imelala pale kama basi linavyolala stendi. Uwanja mweupe. Saa tano ikapita, nikamfuata binti wa kaunta.

"Shikamoo babu. Ndege yako bado ipo Bukoba."

"Mimi naenda Mwanza. Bukoba imefuata nini?"

"Ni hiyo hiyo moja, babu. Asubuhi inatoka Dar kwenda Bukoba, inarudi Dar, inakuja hapa, ndipo Mwanza. Bukoba kuna ukungu, imekwama."

"Hamna nyingine?"

"Ipo, imekwenda kuziba pengo la Mbeya."

Hapo nikaelewa, maana nimekulia Bahi. Kaya nne tulikuwa na fahali mmoja, anazunguka kwa zamu. Akinogewa kwa jirani wa kwanza, majike wa kaya ya nne wanalia zizini, na marehemu baba anatukana mpaka mbuzi wanaona haya. Kaya ya nne ilikuwa yetu. Nikamsimulia yule binti, akaficha uso kwenye makaratasi yake.

"Babu, kumbe unajua kazi yetu."

Ilitua saa kumi. Sikuiamkia.

Nilipoingia kwa dada jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja. Wakwe wamesimama, viatu miguuni.

"Mjomba, umetokea Dodoma au Ulaya?" mshenga wao akauliza.

Nikasema Bukoba kulikuwa na ukungu. Wakatazamana kama watu walioletewa mlevi. Basi nikawapa habari ya fahali, yote, na pale pa kunogewa sikuparuka. Dada akanikanyaga mguu.

Baba wa kijana, Msukuma, mfugaji wa kweli, akainama. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Huyo fahali namjua," akasema, akakaa. "Na sisi tulikuwa kaya ya nne."

Nikakaa. Posa ikajibiwa.