Salamu ya Kilimani

Tulikuwa watatu, marafiki tangu utotoni, tukipanda vilima vya Gando kwa mvua na upepo. Wenzangu walikuwa hawasalimiani mwaka mzima, kwa ajili ya vyama vya siasa. Alasiri ikatukuta juu. Nikasalisha mimi, wao nyuma yangu, upepo ukiwasukuma bega kwa bega.

Tulipotoa salamu ya kumaliza sala, mmoja alibaki amemgeukia mwenzake.

"Nshakusalimia," akasema.

"Hiyo ya sala, si yako."

"Basi nijibu ya sala."

Mwenzake akajipangusa mvua usoni, taratibu. "Waalaykumu salamu."

Tuliteremka tumeshikana mikono kwa utelezi. Bondeni, zilipoonekana bendera za vyama, wakaachiana.

Tangu hapo, watu wakiomba jua la kuanikia karafuu, mimi naomba mvua.