Barafu ya Samaki Ilivyomzeesha Bibi Harusi

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mpaka leo hapa Kilwa Masoko kuna akina mama wananiita Fundi Shikamoo, na jina hilo nililitafuta kwa mikono yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na picha za rangi kutoka Dar zinaninyang'anya wateja, mimi na kistudio changu cha picha nyeusi na nyeupe. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuhura, jibu sijapewa, mara dada yake akaolewa nikaitwa kupiga picha. "Tuione kazi yako kwanza," mama yao akasema, "ndipo tuzungumze." (Mnaelewa? Ndoa yangu ilikuwa ndani ya ile kamera.)

Filamu huwa nazisafisha alfajiri, maji ya mtungi yangali baridi, kwa sababu dawa ile ina kitu cha jamii ya magadi, ikipata joto inaulainisha utando wa filamu unaobeba picha, unakuwa kama uji. Lakini siku hiyo, kwa kiherehere cha kumfurahisha mama mkwe, nikasafisha saa saba mchana, dawa ina joto kama chai ya mgonjwa, na nilipoingiwa na hofu nikaichomoa filamu nikaitumbukiza kwenye maji ya barafu niliyoomba kwa wauza samaki. Kutoka joto kuingia baridi ya ghafla, utando wote ukajikunja. Nikachapa hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba akina mama wataangalia nguo, siyo sura.

Basi akina mama wamejaa mkekani, shangazi wa bwana harusi akapokea picha ya kwanza, akaitazama, akainama kwa adabu. "Shikamoo, bibi! Mbona siku ya harusi hatukukuona?"

"Bibi gani?" mama yake Zuhura akang'aka. "Huyo ndiye bibi harusi!" Akaichukua ya pili, akaisogeza machoni, kisha akauliza taratibu: "Na huyu kenge, mbona kavaa kitenge changu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nami nikaropoka: "Mama, bado mbichi hizo, zikikauka zitanyooka."

"Haya, mwanangu. Na posa yako nayo ikakauke kwanza."

Ilikauka mwaka mzima, na niliumia kweli. Tangu hapo barafu ya samaki naiachia samaki. Zuhura, mke wangu sasa, picha yake ya harusi ile, yenye makunyanzi tele, ameificha kabatini, na kila nikimnunia huitoa, akaiweka karibu na shavu lake mbele ya kioo.

"Bado sijaifikia," huniambia. "Vumilia, mume wangu, hii sura uliichagua mwenyewe."