Pickup ya mkwe ilichemsha mikononi mwangu, nusura tufungue injini bure

Wakuu, habari za mchana.

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili kwa sababu lilikuwa bado linaniuma. Leo nimepoa. Nalileta lilivyo, hata pale nilipoaibika.

Mimi naishi Tanga mjini, nimeoa Mkwaja. Mkwe wangu, Mzee Kombo, ana pickup ya dizeli, zile za zamani ngumu. Anaipenda kuliko wakwe zake wote. Mwaka huu akaniachia nibebee machungwa kutoka Muheza kuja mjini.

Mliooa pwani mnajua uzito wake. Mkwe akikupa gari, kijiji kizima kinajua amekupa.

Safari ya tatu nimepakia, napanda kilima, mshale wa joto nao unapanda. Nikasimama, mvuke kila mahali. Nikasubiri ipoe, nikaongeza maji, nikaenda. Kilomita chache, mchezo uleule.

Fundi wa mtaani kwangu akatoa thermostat, kile kidude kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, bila hata kuniuliza. "Bro, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto, haina kazi."

Nikaamini. Kesho yake ikachemsha vilevile.

Akatikisa kichwa. "Gasket ya silinda hedi imeungua. Tufungue injini."

Nikampigia mkwe kumweleza.

"Injini? Gari langu halijafunguliwa tangu nilinunue."

Kisha akasema, "Basi sawa."

Wakuu, "basi sawa" ya mkwe ni kali kuliko tusi. Haikupita wiki, mke wangu akaletewa habari kwamba barazani kule kwao inasemwa mume wake kaua gari kwa kulibebesha mizigo. Akawa hapokei simu za nyumbani kwao.

Nikasema kabla sijaifungua hiyo injini, nitafute mtu wa pili.

Asubuhi mapema nikaiendesha taratibu bila mzigo (ikiwa tupu ilikuwa inavumilia) hadi Muheza kwa Fundi Mbelwa. Huyu kazi yake ni rejeta tu, mzee wa miwani, haongei sana.

Hakushika spana kwanza. Alisubiri gari lipoe kabisa. Akachomoa kijiti cha oil, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe: oil safi, haina rangi ya maziwa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akachota maji kidogo kwenye kopo, akaniambia niwashe. Tukachungulia kama kuna mapovu yanayopanda mfululizo. Hakuna. Moshi mweupe hakuna.

"Gasket yako nzima, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumkumbatia.

Akaacha injini ipate moto, akazima, akapitisha mkono mbele ya rejeta. Juu moto. Katikati kuelekea chini, baridi! Maji hayapiti.

Kisha akachovya kidole kwenye yale maji aliyoyachota kwenye kopo gari likiwa baridi, akaweka ulimini. (Msiige, rejeta ikiwa na coolant, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, ni sumu. Yeye aliona ni maji matupu.)

"Maji haya ya wapi?"

"Mkwaja. Kisimani kwa mkwe."

Akacheka mpaka miwani ikashuka.

Alipofumua tangi la juu la rejeta, ndani mlikuwa na magamba meupe magumu, mirija mingi imeziba. Akanieleza: paipu ya chini inavuja kidogo kidogo, kila mara mnaongeza maji ya chumvi. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Miaka na miaka.

Akazibua mrija mmoja mmoja, akabadili paipu, akarudisha thermostat, akatia coolant. Nikapakia machungwa, nikapanda kilima kilekile. Mshale ukakaa katikati, haukutikisika. Nikasimama juu ya kilima nikacheka peke yangu kama chizi.

Kicheko kikakatika nilipokumbuka jambo moja. Anayeongeza maji ni mkwe mwenyewe! Kila Ijumaa akishaliosha gari anamimina jagi kutoka kisimani kwake, ati rejeta isikae na kiu.

Mke wangu akanionya, "Usithubutu kumwambia baba kakosea."

Nikaenda Mkwaja na gari, yale magamba nimeyafunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Macho yake yako kwenye gari, siyo kwangu.

"Baba, fundi amesema nikuletee uone vilivyotoka kwenye rejeta."

Nikaishia hapo. Akachukua kipande, akakigeuzageuza, akakivunja kwa kucha. Akamwita mama mkwe, "Hebu niletee birika la chai."

Akalifunua, akakwangua ndani. Magamba yaleyale.

Akayaweka kiganjani pamoja na yale ya rejeta, akayalinganisha. Mimi natazama miguu yangu.

"Kumbe na gari nilikuwa nalichemshia chai," akasema. Akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla.

Baada ya sala ya alasiri akanishika mkono, akaniongoza hadi barazani walipokaa wenzake, walewale. Akasema bila kukaa: "Jamaa, lile gari niliwaambia kaliua huyu. Nimesema uongo. Nililiua mimi kwa jagi langu, na huyu ndiye kalifufua."

Nilijifanya jasho limeniingia machoni.

Funzo: fundi akikimbilia kufungua injini, mwombe kwanza aangalie oil, mapovu na apapase rejeta. Thermostat iacheni mahali pake. Na maji ya kisima cha pwani ni ya kuogea.

Jioni ile mke wangu alipiga simu kwao mwenyewe, wakaongea saa nzima.

Wenye dizeli wa Pangani na Mkinga, ninyi mnatia maji gani? Na kuna mwingine humu mkwe wake amewahi kumsafisha mbele za watu? Tupeni visa.