Bahari ya Chokaa

Jirani anapaka chokaa nyumba yake, na harufu ile mbichi imeniudhi tangu asubuhi.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alichagua kipupwe cha Mbeya, baridi inauma mpaka mifupa, ndipo achore bahari kwenye ukuta wa nje. Bibi, mama yake, mtu wa pwani, alikuwa mgonjwa sana, na alitaka kuiona bahari ya kwao kabla hajafa. Mimi bahari sikuijua. Nilijua ndoo: chokaa, maji baridi na buluu ya kufulia, nakoroga mpaka vidole vinapasuka. Ukungu ulishuka kila siku, rangi haikukauka, na asubuhi bahari yote ilikuwa imetiririka chini.

"Baba Watoto, si ungoje jua?" mama alifoka.

"Na mama yangu naye atangoja?"

Siku ya nne tukamtoa Bibi, kajifunika blanketi. Akautazama ukuta mtupu na michirizi ya buluu iliyobaki chini kabisa.

"Maji yamekupwa," akasema. "Jioni yatajaa, nitoeni tena."

Baba akanigeukia. "Umesikia? Kakoroge ndoo nyingine."