Hapo Pana Mwenyewe

Kwetu Mashimoni, hapa Kibera, ibada haiishi pasta akisema amina. Inaishia nje. Pasta anatoka kwanza, anasimama kando ya mlango. Anayemfuata anamsalimia kwa mkono, kisha anasimama kushoto kwake. Wa tatu anasalimia hao wawili, naye anajipanga. Hivyo hivyo mpaka mstari unapita kioski cha maji cha Nzembi na kukunja kona, na kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Ukiwa mgeni, ndani unaweza kuimbiwa wimbo wa kukaribishwa ukakaa na aibu zako. Nje huna pa kujificha, utashikwa tu.

Katika mstari huo Kavetsa alikuwa anaacha nafasi.

Si kubwa. Nafasi ya mtu mmoja mwembamba, upande wake wa kushoto. Sisi tuliomzoea tulikuwa tunaivuka kama mtu anayevuka mtaro. Mgeni akisimama hapo kwa kutojua, Mzee Mukhwana, mzee wetu wa kanisa, alimsogeza polepole: "Samahani ndugu, hapo pana mwenyewe."

Mwenyewe ni Mourine, bintiye Kavetsa, mtoto wake wa pekee. Aliondoka kwenda kufanya kazi ya nyumba Uarabuni, na siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Alikuja ibadani na begi lake. Tulipotoka akaanza kusalimia mstari, akicheka na kila mtu, na alipofika kwa mama yake gari la ajenti aliyemtafutia kazi likapiga honi kule juu karibu na reli. Akamshika mama yake mkono. "Mama, niwekee nafasi hapa. Nikirudi nitamalizia hawa wengine." Ulikuwa mzaha wake, ili mama asilie mbele ya watu. Akakimbia na begi likimgonga magoti.

Kavetsa hakuuchukua kama mzaha.

Mwanzoni Mourine alikuwa akipiga simu. Halafu akaanza kupiga mara moja moja, halafu ikawa ni ile sauti ya mteja hapatikani. Kavetsa alimtafuta ajenti, akakuta ofisi imegeuka kinyozi. Kisha mwenye ploti yetu akataka kujenga ghorofa, tukaambiwa tutoke. Mimi nilipata chumba palepale karibu na kanisa. Kavetsa akaenda Kawangware kwa dada yake Nanyama, akaanza kuuza mboga za kienyeji. Mrenda, kunde, managu. Anachambua huku anaongea, na hajui mkono wake unafanya nini. Ukisalimiana naye mkono wake ni wa baridi, na harufu ya mrenda unarudi nayo nyumbani.

Nanyama hakuelewa kwa nini dada yake atembee kila Jumapili kutoka Kawangware mpaka Kibera.

"Hapa makanisa yamejaa mpaka yanapigiana kelele. Hili liko mlangoni, hata viatu huhitaji!"

"Na Mourine akirudi ataniulizia wapi?" Kavetsa alimjibu. "Nyumba haiko. Namba yangu hana kichwani, vijana wa siku hizi namba zao zinakaa kwa simu. Kitu anachojua ni kanisa."

Basi akawa anakuja, jua au matope.

Halafu korona ikaja. Makanisa yakafungwa. Mzee Mukhwana alitia kufuli huku akisema ni kwa muda tu, na sisi tukarudi nyumbani tukiwa hatujui mikono tuifanyie nini. Jumapili ya kwanza nilikaa kitandani na Biblia nikaona maandishi hayaingii. Nikafungua mlango nipate hewa.

Nikamwona Kavetsa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, na maski ya kitambaa cha kitenge, kushoto kwake pakiwa wazi.

Kijana mmoja wa mkokoteni wa maji alikuwa anapita. "Mathe, si kanisa imefungwa? Hata Mungu ako lockdown!"

"Basi akichungulia dirishani ataniona, baba," Kavetsa akamjibu.

Kijana akacheka, akasukuma mkokoteni wake. Mimi nikaita nikiwa mlangoni, "Mama Mourine, mbona umekuja?"

"Mama Filister, yeye hajui kumefungwa," alisema. "Huko aliko atajuaje?"

Kumkaribisha ndani niliogopa, na yeye pia aliogopa, tukabaki hivyo, njia iko katikati yetu. Ndipo akaanza kuomba, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeongea na jirani. Alimwombea Mourine, akaombea wasichana wote wanaolala kwa nyumba za watu. Aliponyamaza, mimi nikaendeleza pale alipoachia. Nikasikia mlango mwingine ukifunguka. Nzembi wa maji akaitikia "Ndiyo Bwana," na huku nyuma mtu nisiyemwona akaanzisha wimbo.

Tuliomba hivyo kila Jumapili, kila mtu kwake. Mzee Mukhwana alikuja akajishika shavu, "Nyinyi akina mama mtanifungisha!" Kavetsa akamuuliza ni wapi serikali imekataza mtu kukaa mlangoni kwake. "Na wewe je, huo ni mlango wako?" mzee akamuuliza. Kavetsa akaangalia ile kufuli. "Wangu ni upi mwingine, mzee?" Jumapili iliyofuata mzee alileta stuli, akaketi mbali, akaitikia amina kuliko sisi sote.

Kanisa lilipofunguliwa tena, lilikuwa na masharti. Tunawe mikono, tuvae maski, tusalimiane kwa viwiko, na nje tusimame mbalimbali. Mzee Mukhwana alichukua rangi nyeupe akapiga alama chini, kila alama na mtu wake. Sisi tulifurahi. Kavetsa peke yake nilimwona amesimama akiangalia zile alama, uso umemshuka.

"Nini, mama?"

"Sasa kila mtu ameachiwa nafasi," alisema. "Ya Mourine itajulikanaje?"

Nilimpelekea Mzee Mukhwana maneno hayo. Jumapili iliyofuata, kushoto kwa alama ya Kavetsa palikuwa na alama nyingine ambayo haikupangiwa mtu, nzito kidogo, kama iliyopakwa mara mbili. Mzee aliilinda kama askari wa benki.

Siku ninayotaka kusimulia, tulitoka ibadani tukajipanga. Nilikuwa natoa kiwiko kwa Nzembi nilipoona msichana mgeni, maski juu, sketi ndefu, amekuja moja kwa moja na kusimama kwenye ile alama.

Mzee Mukhwana akafika. "Dada, karibu sana. Lakini samahani, hapo pana mwenyewe. Enda kule mwisho."

Msichana hakusogea. "Najua, mzee."

"Unajua?"

"Mwenyewe ndiye amenituma nisimame hapa."

Viwiko vyetu vikabaki hewani. Kavetsa aligeuka. Alimwangalia urefu, akamwangalia mabega, akamwangalia macho yale yaliyobaki juu ya maski, na mimi niliyemjua niliona jinsi alivyotafuta. Hayakuwa macho ya Mourine. Nikaona tumaini likimtoka, na bado hakuacha kumwangalia.

"Mirembe, mama," msichana akasema. Ile salamu yetu ya Kimaragoli ilitoka kwa ulimi wa Kijaluo kabisa. "Nimesema vibaya? Ni yeye alinifundisha."

"Umesema sawa," Kavetsa alisema.

"Naitwa Trizah Akoth, kwetu ni Sarang'ombe, hapa hapa Kibera. Huko Uarabuni tulikuwa tunalala chumba kimoja na Mourine, mahali wasichana wanangojea kurudishwa nyumbani. Alitoka kwa mama aliyemwajiri, yule aliyemnyang'anya simu. Mimi karatasi zangu zilitoka, zake bado. Akaniambia, enda Mashimoni Jumapili, ungoje watu wapange mstari, utaona mama mmoja ameacha nafasi. Simama hapo. Nikamwambia, na kama hakuna nafasi? Akasema, itakuwepo."

Kavetsa aliuliza kitu kimoja. "Anakula?"

"Anakula, mama."

"Amekonda?"

"Sote tulikonda."

Hapo Kavetsa akamshika mikono yote miwili, ile mikono yake ya baridi, kiwiko kikasahaulika. Mzee Mukhwana akageuka akaangalia mabati ya kanisa kama aliyegundua yanavuja. Kisha akakohoa. "Mama Mourine, sasa huyu tumpange wapi? Hiyo alama si ulisema..."

"Mwache hapo hapo," Kavetsa alisema, bila kumwachilia. "Nyinyi wengine sogeeni."

Tukasogea, kila mtu alama moja. Wa mwisho akakosa alama, akasimama kwenye matope kule ng'ambo ya kona. Kushoto kwa Trizah pakabaki wazi.

Namba ya Kavetsa Trizah aliiandika, akaituma kwa msichana mwingine mwenye simu, aliyebaki kule na Mourine. Hadi ninapoandika haya simu haijalia. Kavetsa anaichaji Jumamosi, anakuja nayo ibadani imefungwa kwa leso, na anatembea kutoka Kawangware vile vile. Siku hizi Trizah anampokea kwa njia, anambebea mboga.

Jumapili iliyopita jamaa mmoja mgeni alisimama kwenye ile nafasi. Mzee Mukhwana akafungua mdomo, lakini Trizah alikuwa amemtangulia.

"Karibu, brathe," alimwambia, akimpa kiwiko. "Ila songa kidogo. Hapo pana mwenyewe."