Mikono Inayoshuka Yenyewe

Jumamosi, tarehe 14, saa moja na dakika hamsini za asubuhi, Tate alinishika mkono akaniambia niweke kiganja juu ya motere, injini ya kamashine, kabla hatujamsalimia mtu hata mmoja. Ndivyo ilivyoanza kazi yangu ya kwanza, na ilianza kwa aibu. Uwanja ulikuwa umejaa: akina mama wa chama cha mchanga, waume zao, na Mama Prezida mwenyewe, anayekiongoza chama, akiwa amekwisha kunyoosha mkono. Tate, babu yangu, akampita kana kwamba hayupo.

“Iko baridi ao iko moto?”

“Iko moto kidogo,” nikasema, kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

“Basi bameiamusha mbele tufike.”

Motere iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi. Ukishaipasha inawaka upesi, na mnunuzi anadhani ni nzima. Muuzaji, bwana mwenye koti la ngozi aliyeileta mashine kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, alisema aliisogeza kivulini tu. Pale uwanjani hapakuwa na kivuli. Tate hawezi kuona jambo kama hilo. Mimi niliona, nikatazama viatu vyangu.

Kamashine ndilo jina tuliloipa: mashine ndogo ya kupakia, ya matairi manne, inayogeuka palepale iliposimama. Mbele ina ndoo ya chuma, na ndoo inabebwa na mikono miwili ya chuma inayopita kushoto na kulia kwa dereva. Dereva huingilia mbele, akikanyaga ndoo ikiwa chini. Chama kilitaka ipakie mchanga kwenye malori, kazi ambayo mama yangu na wenzake wanaifanya kwa makarai kichwani, na iondoe matope kila mto unapoingia mitaani. Iliposhuka botini, siku mbili kabla, waliiimbia, wakaifunga kitenge kwenye ndoo, wakaiombea. Baadaye ndipo mtu alikumbuka kwamba bado hawajamwita fundi.

Fundi ni Tate. Amestaafu, macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli vya watu, basi. Aliingia ofisi ya barabara hapa Baraka akiwa na umri wangu. Siku ya kwanza walimpa beseni la mazutu, yaani dizeli, na brashi, akaosha vyuma vya giaboksi mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Bosi wake wa kwanza, Shefu wa Garaji, hakupenda kusikia neno “muzuri”. Alikuwa anamwambia: “Usiniambie mafuta iko muzuri. Niambie iko rangi gani. Muzuri nitaamua mi mwenyewe.” Kwa hiyo na mimi nilitakiwa kusema rangi, si mawazo yangu. Hilo lilinifaa. Darasani nikiulizwa swali huwa natazama dawati.

Nikavuta kijiti cha kupimia mafuta. Nyeusi, nzito, bila weupe. Weupe ungeonyesha kwamba maji yameingia. Nikasoma kontere, ile saa inayohesabu muda ambao motere imefanya kazi. Kwa kontere, mashine ilikuwa bado changa. Lakini vishikio vya kuendeshea vilikuwa vimelika, chuma kinang'aa pale ambapo mpira ulikuwa, kama vya mashine ya zamani. Tate akanifanya niguse mara mbili. Halafu akaomba nondo, akaniambia niiingize chini ya ndoo na kuinua, nitazame pini, vile vyuma vya mviringo vinavyounga ndoo na mikono. Zilicheza ndani ya matundu yake, nafasi ya kuingiza ukucha.

“Hiyo si kitu ya kutukimbiza,” Tate alisema. “Hiyo ni mutu hakutia grisi. Grisi ni kila asubui, mbele ya kuwasha, pini moja moja. Dereva mwenye kuamka kisha anawasha tu, huyo anakula mashine.”

Alisema hivyo akigeukia upande wa mujomba Amisi, kaka ya mama. Mujomba ndiye aliyechaguliwa awe dereva. Miaka mitatu alikuwa Misisi, akishuka kwenye mashimo ya dhahabu na kupandisha mawe mgongoni, na mama alikuwa hasinzii vizuri mvua ikinyesha. Mashine ikinunuliwa, mujomba anabaki nyumbani. Isiponunuliwa, anarudi shimoni. Kila mtu wa nyumba yetu alijua hivyo, na mimi nilijua kuliko wote, kwa sababu tangu arudi mama alikuwa ameanza kuimba tena akipika.

Tate akamwambia apande, awashe, anyanyue mikono mpaka juu kabisa, kisha azime na kutokea dirisha la nyuma, asipite chini ya ndoo. Ndoo ikapanda, ikasimama juu ya vichwa vyetu na kitenge chake. Akaniuliza kama naona kifungo, kile kipande cha chuma kinachoshika mikono isishuke mtu akiwa chini yake. Sikukiona. Muuzaji akasema kilibaki ng'ambo, ni kitu kidogo, kitatumwa. Tate akanipa chaki. Nikapiga mstari kwenye nguzo ya mashine, sawasawa na ukingo wa juu wa mkono wa kushoto.

“Sasa we simama hapa,” akasema. “Mi naenda kusalimia batu.”

Ndipo alipoanza kusalimia. Alianza na Mama Prezida, akamwomba samahani kwa kumpita. Akamuuliza habari za watoto, za mume, za mguu uliokuwa unamuuma. Akaenda kwa anayefuata. Akauliza habari za mihogo, za harusi ya mwaka jana, za mbuzi. Watu walicheka, wakasema mzee amekuja kutembea, si kukagua. Muuzaji akatazama simu yake, akauliza kama atasalimia mpaka jioni.

Nilijua kwa nini. Tate aliniambia njiani. Baada ya Baraka walimhamishia Fizi, na kule Fundi Mkuu alikuwa na namna yake ya kupima verini, yale mabomba yanayosukumwa na mafuta na ndiyo yanayonyanyua mikono. Mpira wa ndani ukiliwa, mafuta yanapenya, mikono inashuka yenyewe, polepole, hata motere ikiwa imezimwa. Ukiitazama huoni. Kwa hiyo Fundi Mkuu alikuwa ananyanyua, anazima, anapiga alama, halafu anamtuma Tate: “Nenda salimia batu yote. Ukirudia haraka, ujue hukufanya kazi.”

Mimi nikabaki na mstari wangu. Mwanzo ukingo ulikuwa sawa nao kabisa. Nikahesabu pumzi zangu. Tate alipofika kwa mama wa nne, ukingo ulikuwa umeachana na chaki. Alipofika kwa mzee wa kanisa, nafasi ya kidole kimoja. Kisha viwili. Mashine haikutoa sauti yoyote, na ndicho kilichoniogopesha.

Mujomba akaja kusimama karibu nami, kama mtu anayetaka kupanga kitenge. Akatazama mstari. Akaelewa. Midomo yake haikusogea sana.

“Wabiwa. Tate akiuliza, sema iko palepale.”

Nikaendelea kutazama mstari.

“Mi nitaitengeneza polepole. Mi nitajichunga. We unataka nirudie Misisi?”

Nilitikisa kichwa kwamba hapana. Na ni kweli sikutaka. Niandike ukweli wote: nilianza kupanga sentensi. Tate hawezi kuona. Watu wengine walikuwa mbali, hakuna aliyejua mstari ni wa nini. Neno moja, na jioni mama angeimba.

Tate akarudi, amemshika Mama Prezida kiwiko. Watu wakasogea nyuma yao.

“Iko wapi?” akauliza.

Mujomba alinitazama. Muuzaji naye akanitazama, sasa bila simu. Nikafanya jambo moja ninaloliweza: nikapima. Nikaweka kiganja kwenye chuma, kutoka kwenye mstari kushuka kuelekea ukingo, kisha vidole.

“Kiganja kimoja na vidole viwili,” nikasema.

“Sema kwa nguvu, bote basikie.”

“Kiganja kimoja na vidole viwili. Imeshuka.”

Mujomba akatema mate chini, akaondoka pale. Hapo kelele zikaanza. Mama mmoja alisema tumeisha kuiombea, sasa tutamwambia nini Mungu. Mama Prezida akamjibu taratibu: “Mungu hawezi kukasirika tukimuombea ingine.” Wachache walicheka, wengi hawakucheka. Akamwambia muuzaji kwamba chama kitainunua siku ile ile mipira ya verini itakapobadilishwa na kifungo kurudishwa. Muuzaji akajibu kwamba kuna tajiri wa Misisi anayempigia simu tangu alfajiri, anaitaka kama ilivyo, na kesho inaondoka. Akafungua kitenge mwenyewe, akakiweka mkononi mwa Mama Prezida.

Mujomba alikuwa amesimama kwenye lango. Akarudi kwa muuzaji, si kwetu. “Na dereva, ule tajiri iko naye?” Hakuwa naye. Wakapeana mkono mbele yangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Tate na mimi, juani. Nilimwambia kwamba nimemrudisha mujomba Misisi, tena juu ya mashine ileile. Hakunibembeleza. Aliniambia habari ya Lubondja, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, ingawa Lubondja ndiko alikofanya kazi muda mrefu kuliko kote.

Kule bosi alikuwa Enjinia. Barabara ilikuwa imefungwa na udongo, na wakubwa walikuwa wanakuja kuitazama. Tate alipima mashine ya kupakia asubuhi, akaona mikono inashuka. Akaenda moja kwa moja ofisini, akavua kofia, akasema. Enjinia alimwambia: “Nimesikia, Asukulu. Fanya kazi ya section yako.” Tate akarudi kwenye section yake, kitengo chake. Saa sita mtu wa grisi aliingia chini ya ndoo kutia grisi pini. Mtu wa grisi ni yule mfanyakazi wa chini kabisa, anayezunguka na pampu. Mikono ilimshukia, hakupata tena kutembea.

“Miaka yote nilikuwa nasema: mi nilisema. Na ni kweli. Nilimwambia shefu. Lakini ule mwenye kuingia chini, sikumwambia. Nilipita mbele yake. Nilimusalimia hata.” Kwenye daraja akashika chuma cha pembeni. “Pansio, kustaafu kwangu, ni hiyo, bibi yangu. Batu banafikiri unapumuzika. Unakaa tu, unawaza ule mumoja.”

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kusikia. Alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu, akaniuliza kitu kimoja tu: ilikuwa lazima nitaje na vidole? Nikasema ndiyo. Hakuimba. Mujomba alikuja kuchukua begi lake, akatuaga wote kwa majina isipokuwa mimi.

Nililala nikifikiri hivi. Mujomba anajua. Yeye hataingia chini yake. Lakini Misisi dereva hatii grisi mwenyewe, atapewa mtu wa kazi hiyo, na mtu huyo sijui jina lake, hata mujomba bado halijui. Mujomba atamwambia siku ya kwanza. Siku ya ishirini, akiwa amechoka, ama akiwa amelewa, ama wakibadilisha mtu, nani atasema?

Leo Jumapili asubuhi sikwenda kwenye kwaya. Nilipita kwa jirani anayeandika majina kwenye mitumbwi, nikamwomba kopo la rangi nyeupe na brashi. Uwanjani nilikuta kamashine imekwisha kupandishwa kwenye lori, imefungwa minyororo, na mujomba akiwa ameketi chini, kwenye gurudumu la akiba, akila andazi. Alitazama kopo, akatazama gauni langu la kanisani.

“Unataka nini tena?”

“Kuandika,” nikasema.

Nilipanda kwenye lori bila kungoja ruhusa, kwa sababu ningengoja ningerudi nyumbani. Nikaanza kwenye mkono wa kushoto, herufi kubwa kama zile za mitumbwi: MIKONO INASHUKA YENYEWE. USIINGIE CHINI. Muuzaji akatoka mbio kwenye nyumba ya pembeni akiuliza nani amemtuma huyu mutoto kuharibu mali. Nilimsikia akifika karibu, herufi moja ikatoka mbaya.

Mujomba akasimama, akajifuta mafuta ya andazi kwenye suruali. “Mali ya nani? Umeisha kuuza,” akamwambia. Kisha akapanda, akanichukulia kopo, akalishika mahali ambapo brashi ingelifikia. Hakunitazama.

Nilipofika mwisho wa mkono huo akadhani nimemaliza. Nikamwambia bado. Nikazunguka, nikaandika maneno yaleyale kwenye mkono wa kulia, kwa sababu sijui huyo mtu atakuja kwa upande gani.